Omena, Mbuta na 'Kemikali za Milele': Ni Nani Anatupimia Ziwa?

Kama wewe ni shabiki wa filamu za Avengers, Mark Ruffalo unamjua. Ni yule jamaa akikasirika anageuka Hulk, kijani mpaka kucha. Lakini mwaka wa 2019 aliigiza filamu nyingine inaitwa Dark Waters. Humo hakuna ngumi, hakuna jengo linaanguka. Yeye ni wakili tu wa suti ya kawaida, amezungukwa na masanduku ya makaratasi. Na manze, hiyo ndiyo filamu yake ya kuogofya zaidi, kwa sababu stori yenyewe ilitokea kweli.

Wakili halisi anaitwa Rob Bilott. Mwaka wa 1999 alienda kortini kwa niaba ya mfugaji mmoja wa West Virginia, Marekani, aitwaye Wilbur Tennant. Ng'ombe wa huyu mzee walikuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine, na mto waliokunywa ulipita karibu na jaa la kampuni ya DuPont. Bilott alipofungua makaratasi ya kampuni alikutana na jina ambalo halikuwa limeskika mtaani: PFOA, kemikali iliyotumika kutengeneza Teflon, ile inafanya yai lisishike kwa sufuria.

Najua unachowaza. Wewe uko Kondele, mathe anakaanga omena na nyanya, ugali uko tayari. Ng'ombe wa West Virginia wanakuhusu nini?

Wanakuhusu. Hiyo kemikali, na binamu yake PFOS, zishawahi kupatikana katika Ziwa Victoria, upande wetu wa Kenya. Si uvumi wa WhatsApp. Zilipimwa na kuchapishwa zaidi ya miaka 15 iliyopita. Kelele uliskia? Hata mimi sikuskia.

Kemikali gani hii haikufi?

PFAS ni familia ya maelfu ya kemikali zilizotengenezwa na binadamu. Kitu kimoja kinaziunganisha: ndani yake kaboni imeshikana na florini. Huo mshikano ni mmoja wa ile migumu zaidi katika kemia yote. Jua haliuvunji. Bakteria wa udongoni hawauwezi. Maji hayauozeshi. Ndiyo maana wasee wa sayansi wakazipa jina la utani, kemikali za milele.

Na zilipendwa kwa sababu hiyohiyo. Kitu kisichoshika maji wala mafuta ni dili kubwa. Kwa hivyo ziliwekwa kwa sufuria, kwa jaketi za mvua, kwa makapeti na viti visivyoshika madoa, kwa karatasi za kufungia chipo, kwa vipodozi, na kwa povu la wazimamoto la kuzima moto wa mafuta ya ndege. Kila kimoja kati ya hivyo siku moja hutupwa ama huoshwa, na maji yake huteremka. Ukiteremka vya kutosha, unafika ziwani.

Mwilini zinafanya nini? Baada ya kesi ya Bilott, wanasayansi walichunguza karibu watu 69,000 wa eneo lile waliokunywa maji yenye PFOA. Walihitimisha kuwa kuna uhusiano na magonjwa sita: saratani ya figo, saratani ya korodani, ugonjwa wa tezi ya shingo, vidonda vya utumbo mpana, kolesteroli ya juu, na presha ya wajawazito. Visiwani Faroe, watafiti waliona kuwa watoto wenye PFAS nyingi damuni walikuwa na kinga hafifu baada ya chanjo. Mwishoni mwa 2023, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaiweka PFOA katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Na ikishaingia kwa damu, haitoki leo wala kesho. Inachukua miaka kupungua nusu tu.

Hapa tusidanganyane. Haimaanishi ukila samaki mmoja umekwisha. Hii ni sumu ya polepole, ya kipimo na ya miaka. Ndiyo maana inapita bila mtu kuishtukia.

Ziwa lenye povu jeupe

Tupige stopi Marekani kwanza, jimbo la Michigan, mji mdogo wa Oscoda. Pale kuna ziwa linaitwa Van Etten. Ukilicheki kwa picha ni kama kadi ya posta: nyumba za mbao, mashua, watoto wanaogelea. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na kambi ya jeshi la anga, Wurtsmith, iliyofungwa mwaka wa 1993. Kwa miaka mingi wazimamoto wa kambi walifanya mazoezi pale kwa kuwasha moto na kuuzima kwa povu lenye PFAS. Povu likaingia kwa mchanga, likafika kwa maji ya chini ya ardhi, na hayo maji yakaanza safari kimyakimya kuelekea ziwani na kwenye Mto Au Sable.

Kambi ilifungwa. Wanajeshi wakaenda. Povu halikwenda.

Mwaka wa 2012 serikali ya jimbo ikatangaza: samaki wa kinamasi cha Clark, pale kando ya kambi, wasiliwe. Mwaka wa 2018 likaja tangazo la swara wa eneo hilo, nao wasiliwe. Na upepo ukivuma Van Etten, povu jeupe husukumwa mpaka ufukweni. Idara ya afya inaambia watu wasiliguse, na wasiache mbwa walirambe, kwa sababu PFAS hupenda kukaa juu ya maji na kwenye povu hujilundika kuliko ndani ya ziwa lenyewe.

Sasa shika hii: watu wa Oscoda hawana bahati. Lakini wana kitu kimoja, wanajua. Mtu alichota maji, akayapeleka maabara, akaandika namba, na namba ikabandikwa ziwani. Kwa hiyo namba wanaweza kupiga kelele, kushtaki, na kumwambia mtoto asiguse povu.

Kisamaki kama omena

Panda kaskazini hadi Ziwa Superior, ziwa la maji baridi kubwa zaidi duniani ukipima eneo la uso wake. Ziwa Victoria ni la pili. Ni kama ndugu wawili, mmoja wa baridi, mmoja wa jua.

Superior inajulikana kwa maji safi. Haina miji mingi pembeni. Lakini ina kisamaki kidogo cha fedha kinachoitwa smelt, ambacho watu huvua kwa nyavu usiku wa majira ya kuchipua, wanakaanga na kula kwa wingi. Ukimwonyesha mtu wa Mbita picha yake atakwambia hiyo ni omena iliyokula vizuri. Januari 2021, jimbo la Wisconsin likatangaza kuwa hao smelt wamepimwa na kukutwa na PFOS. Ushauri ukatoka: usile zaidi ya mlo mmoja kwa mwezi.

Mlo mmoja kwa mwezi! Waza omena ipangiwe hivyo Homa Bay. Omena ni nyama ya maskini, ni uji wa mtoto, ni chakula cha kuku, ni karo ya shule ya mama wa ufuoni. Mtu wa Wisconsin akiambiwa aache smelt, ataenda supamaketi anunue kuku. Mtu wa Dunga akiambiwa aache omena, atakula nini?

Na PFOS si kama sumu zingine zinazokaa kwa mafuta, ati ukikaanga samaki mafuta yakadondoka nayo inadondoka. Hii hushikana na protini. Iko kwa damu, kwa maini, kwa nyama yenyewe. Na omena tunaila nzima, na kichwa na matumbo.

Tulishapima, halafu?

Turudi nyumbani. Mwaka wa 2008 na 2009, mwanakemia Mkenya Francis Orata na wenzake walichapisha matokeo kutoka Ghuba ya Winam. Kwa samaki, walizipata kemikali hizi kwa mbuta na kwa ngege, kwa nyama na kwa maini. Kwa maji, cheki hizi namba. Ndani ya ziwa, PFOA ilianzia nanogramu 0.4 kwa lita hadi karibu 12. Kwenye mito inayoingia ghubani, kipimo cha juu zaidi kilifika karibu 96.

Nanogramu moja kwa lita ni kidogo sana, ni kama kudondosha tone moja la maji kwa mabwawa 20 ya kuogelea ya Olimpiki. Unaweza kucheka. Lakini Aprili 2024, shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliweka kikomo cha PFOA kwa maji ya kunywa: nanogramu 4. Kwa hiyo ule mto wa 96 ulikuwa mara 24 ya kikomo ambacho Wamarekani wamejiwekea leo. Na ziwa, pale palipochafuka zaidi, karibu mara tatu.

Tuwe wa haki. Hizo ni namba za juu kabisa, sehemu nyingine zilikuwa chini. Na ni za zamani. Hakuna anayeweza kuzichukua akakwambia maji ya Kisumu leo yana ngapi. Na hapo ndipo kuna noma. Namba ya mwaka wa 2009 ni kama presha ya mgonjwa iliyopimwa akiwa sekondari, na sasa ana wajukuu.

Lakini zile namba zilisema kitu kingine ambacho hakizeeki: mito ilikuwa na zaidi kuliko ziwa. Maana yake sumu haikuanzia ziwani. Inateremka kutoka juu, kwa miji, kwa viwanda, kwa majaa, kwa maji taka. Na mitambo ya kawaida ya kusafisha maji taka haiondoi PFAS. Inaondoa uchafu unaonuka. Huu haunuki.

Ongeza umbo la ziwa lenyewe. Maji mengi yanayotoka Ziwa Victoria hayatoki kwa mto, yanapanda na jua kama mvuke. Njia ya kutoka ni moja tu, Jinja, kwenda Nile. PFOS haipandi na mvuke. Maji yanaenda mbinguni, yenyewe inabaki. Na Ghuba ya Winam imejikunja pembeni, na mlango mwembamba. Ni kama chumba kilicho na dirisha moja dogo, na kila mtu anavutia sigara ndani.

Gugu maji tunaliona, hii hatuioni

Kila mwaka gugu maji likifunika Kisumu, kamera hufika. Mashua zimekwama, wavuvi wanalia, waziri anavaa gambuti, picha inapigwa. Ni sawa, gugu ni shida ya kweli. Lakini gugu lina bahati ya kuwa kijani. Samaki wakielea wamekufa, gavana anaulizwa maswali. PFAS haiui samaki ukaona. Samaki anaogelea fiti kabisa, ananona, anauzwa.

Kuna kitu kingine kinauma. Tangu tarehe 1 Januari 2023, Umoja wa Ulaya una viwango vya juu vya PFAS vinavyoruhusiwa kwa samaki wanaouzwa kwao. Mbuta wetu huenda Ulaya. Minofu inakatwa, inawekwa barafu, inapanda ndege. Mnunuzi wa kule ana sheria inayosema hii ikizidi kipimo, haiingii sokoni. Na mifupa inayobaki, ule mgongo wazi unaokaangwa Obunga na kuliwa na watu ambao hawawezi kununua samaki mzima, una sheria gani? Na gunia la omena linaloshuka Gikomba saa kumi alfajiri?

Samaki ni mmoja. Ziwa ni moja. Minofu ina mtetezi huko mbali. Mgongo wazi una mama karanga na karai lake.

Kuchemsha hakusaidii (lakini usiache)

Hapa wengi watachanganyikiwa, kwa hivyo soma polepole. Kuchemsha maji kunaua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Endelea kuchemsha. Dawa ya klorini pia, endelea nayo. Kipindupindu kinaua kwa siku mbili, hakingoji miaka.

Lakini kuchemsha hakuondoi PFAS. Maji yanapungua, kemikali inabaki, kwa hiyo kwa kila kikombe inazidi kidogo. Klorini nayo haiigusi. Kinachofanya kazi ni vichujio vya mkaa maalum vinavyobadilishwa kwa wakati, ama mitambo inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana. Hivyo vitu vina doh. Mwenye doh atajinunulia, na mwenye jerikeni ya shilingi ishirini atangoja.

Ndiyo maana suluhisho haliwezi kuwa la mtu mmoja jikoni. Hata Marekani wameona hivyo. Mwaka wa 2023 kampuni ya 3M, iliyotengeneza PFOS kwa miongo, ilikubali kulipa mifumo ya maji ya umma angalau dola bilioni 10.3. Hiyo ni zaidi ya trilioni moja pesa ya Kenya, na ni kusaidia kusafisha maji ya kunywa tu. Maziwa yenyewe? Hakuna anayejua kuchuja Ziwa Superior. Hakuna atakayechuja Victoria. Kilichoingia kimeingia, kazi iliyobaki ni kufunga bomba.

Na hata huko bomba linapingwa. Mei 2025, EPA ilisema itabakisha kikomo cha nanogramu 4 kwa PFOA na PFOS, lakini ikataka kusukuma muda wa kutii hadi 2031, na ikaanza kuregeza vikomo vya binamu zao wengine. Pesa zikiongea, hata nchi yenye maabara kila kona hutikisika. Sembuse sisi.

Tuanzie wapi?

Kenya si mgeni kwa hii stori. Tumo ndani ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kemikali zisizooza, tangu 2004. PFOS iliwekewa masharti humo mwaka wa 2009. PFOA iliorodheshwa ili ikomeshwe mwaka wa 2019. Katiba yetu, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 kinampa maji safi na salama. Karatasi tunazo. Tunachokosa ni namba.

Na tusiambiwe ati haiwezekani. Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walitiwa sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Risasi pia haionekani. Stori iligeuka pale akina mama walipopima damu ya watoto wao na kupata namba. Phyllis Omido na wenzake walizunguka na hizo namba miaka na mikaka, wakatishwa, wakaendelea. Mwaka wa 2020 korti ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaipangua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaisimamisha tena. Bila kipimo, wangeitwa watu wa uchawi.

Kwa hivyo mahitaji ni machache, na hayahitaji kamati ya kwenda kujifunza Michigan. Moja, Ghuba ya Winam ipimwe upya: maji, matope, mbuta, ngege na omena, na matokeo yabandikwe ufuoni kwa lugha ambayo mvuvi anasoma, si kwa faili. Mbili, ijulikane ni nani anatumia povu la moto lenye florini karibu na maji, na libadilishwe. Mapovu yasiyo na florini yapo, na viwanja vya ndege kadhaa duniani vishahamia huko. Tatu, viwanda na majaa juu ya mito viseme vinamwaga nini, maana namba za 2009 zilishatuonyesha mtoni ndiko mlangoni.

Jamaa mwenye biashara ya samaki atasema hii stori itaharibu soko. Namwelewa. Lakini soko linaharibika vibaya zaidi siku taarifa inapotoka kwa mtu mwingine, kontena limerudishwa kutoka Ulaya, na sisi hatuna hata karatasi moja ya kujitetea. Huenda tukipima tukute viwango viko chini, omena iko fiti, na mathe akaange kwa amani. Hiyo ingekuwa habari tamu kuliko zote, na ningefurahi kuiandika.

Ila siwezi kuiandika bado. Kwa sasa mtu wa Oscoda akitoka kuvua, anafungua kitabu cha jimbo lake na kuona samaki gani wa ziwa gani anaweza kulisha mtoto, na mara ngapi. Mtu wa Dunga akitoka kuvua, ana macho yake mawili na sala.

Omena imeshaiva. Ugali uko mezani. Wewe dishi tu, lakini ukishanawa mikono, muulize MCA wako swali moja: ziwa letu lilipimwa lini mara ya mwisho?